Usiku wa Kuamkia Tarehe 26

Ni Krismasi nchini Korea, na kwa siku moja bunduki zinatakiwa kunyamaza. Katika hospitali ya mahema ya Jeshi la Marekani, watu wanapanga karamu ya watoto yatima wa jirani. Chakula cha sikukuu kilichotarajiwa hakikufika, kwa hivyo kila mtu anatoa kile alichotumiwa na watu wa kwao: peremende, keki, vikopo vya hapa na pale. Halafu analetwa mwanajeshi mmoja aliyepigwa risasi na mdunguaji. Daktari B.J. Hunnicutt anamwangalia mara moja tu na kujua hakuna la kufanya. Huyu ni wa kufa. Lakini katika vitu vya yule mwanajeshi mna picha ya mke na watoto, na B.J. naye ana mke na binti mchanga California. Basi anaanza kazi.

Hatafuti kumponya. Anatafuta saa chache tu. Anataka moyo wa huyu mtu udunde hadi saa sita usiku ipite, ili watoto wake wasije wakaikumbuka Krismasi kama siku ambayo baba alikufa. Margaret Houlihan, mkuu wa wauguzi, anaacha karamu na kujiunga naye. Daktari mwenzake, Hawkeye Pierce, anafuata. Padri Mulcahy anakuja kutoa sala za mwisho. Huko nje watoto wanakula na kuimba. Huku ndani watu watatu wanapigana na saa ya ukutani. Na wanashindwa. Mwanajeshi anakata roho kabla ya saa sita. Kimya. Hawkeye anaiendea saa, anasukuma mkono wake mbele kidogo kupita saa sita, kisha anatangaza kwamba mgonjwa alifika: amefariki saa sita na dakika tano, tarehe 26 Desemba.

Kipindi hicho kinaitwa "Death Takes a Holiday". Kilirushwa na CBS tarehe 15 Desemba 1980, katika msimu wa tisa wa M*A*S*H, na Mike Farrell, ndiye B.J. mwenyewe, ndiye aliyekiongoza na kushiriki kukiandika. Nimekitazama mara nne sasa. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilianza kubishana nacho, na ubishi huo ndio uliozaa makala haya.

Kwa wale ambao hawajawahi kukutana na M*A*S*H, wala siwalaumu, imewazidi wengi wetu umri: herufi hizo zinasimamia hospitali za upasuaji za Jeshi la Marekani zilizokuwa zikihamahama kufuata vita. Wazo lake lilikuwa rahisi. Badala ya kumsafirisha majeruhi maili na maili, wasogeze madaktari karibu naye. Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni 1950, na hospitali hizi zikapata kazi kuliko walivyotarajia waliozibuni. Helikopta ndogo, zile zenye pua ya kioo kama povu, zilibeba majeruhi wakiwa wamefungwa kwenye machela za ubavuni, nje kabisa kwenye baridi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, karibu wagonjwa 4.5 kati ya kila 100 waliofikishwa hospitalini walikufa. Korea idadi hiyo ilishuka hadi karibu 2.5. Mmoja wa madaktari waliohudumu huko, Richard Hornberger, aliandika riwaya ya vichekesho kwa jina la bandia la Richard Hooker mwaka 1968. Robert Altman akaigeuza filamu mwaka 1970. CBS nao wakaifanya mfululizo wa televisheni kuanzia Septemba 1972, wakaweka vicheko vya kurekodiwa juu ya kila utani, isipokuwa kwenye chumba cha upasuaji ambako watayarishaji walikataa kata kata. Waingereza walipoirusha BBC walivitoa vicheko vyote. Ukweli usemwe, Waingereza hapo walifanya vizuri.

Sasa turudi kwenye saa.

Kitu cha kwanza kilichonikaa akilini ni kwamba mfululizo wenyewe umejengwa juu ya saa iliyosukumwa. Vita vya Korea vilidumu miaka mitatu na mwezi mmoja. M*A*S*H ilidumu misimu 11. Vita vyote vilikuwa na Krismasi tatu tu, ya 1950, ya 1951 na ya 1952. Sasa hesabu mwenyewe: Hawkeye anavaa nguo za Father Christmas na kushushwa kwa helikopta kwenye handaki katika kipindi cha 1972. Kuna Krismasi nyingine 1978, nyingine ni hii ya 1980, na nyingine tena 1981. Mbaya zaidi, Kanali Potter, mkuu wa kambi katika hizo tatu za mwisho, tuliambiwa alipowasili kwamba ni Septemba 1952. Yaani huyo mzee alikuwa na Krismasi moja pekee ya kusherehekea Korea, lakini alikula tatu. Kuna hata kipindi kingine, kilichorushwa wiki mbili baada ya hiki chetu, ambacho kinamwonyesha akiukaribisha mwaka 1951. Hakuna aliyejali. Watu waliwapenda hao wahusika na hawakutaka vita viishe, sentensi ambayo ukiisoma polepole inaogopesha kidogo.

Kwa hivyo Hawkeye akisogeza ule mkono wa saa, anafanya kwa dakika chache kile ambacho waandishi wake walikuwa wakifanya kwa miaka.

Cha pili ni cha kwetu. Nilipokuwa nikimsimulia rafiki yangu wa Lamu hiki kisa, kwa Kiswahili bila shaka, nilikwama nilipofika kwenye saa. Nilisema, "wanapigana afike saa sita usiku, siku ibadilike." Akaniangalia. "Siku inabadilika saa sita usiku kivipi?" Na kweli. Saa yetu haifanyi hivyo. Saa sita ya usiku ni katikati ya usiku, ndiyo maana ikaitwa sita: nusu ya safari kutoka magharibi hadi alfajiri. Hakuna kinachoanza hapo. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, ambayo wengi bado wanaishi nayo, siku huingia jua linapotua. Alhamisi jioni baada ya magharibi tayari ni usiku wa Ijumaa. Kwa mzee wa Lamu, Krismasi ya yule mwanajeshi iliisha jua lilipozama nyuma ya vilima vya Korea, saa kadhaa kabla ya kufa kwake. Madaktari walikuwa wameshinda na hawakujua.

Hata sisi wa bara, tuliozoea kalenda ya ofisi, tuna msemo ambao ungewatoa jasho jingi bure. Sikiliza taarifa ya habari yoyote: marehemu alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi. Usiku wa kuamkia! Hausemi uongo, hausogezi saa, na bado unaitazama kesho. Margaret angeandika kwenye fomu, "amefariki usiku wa kuamkia tarehe 26 Desemba," na mkono wake usingetetemeka. Lakini fomu ya Jeshi la Marekani haikuwa na nafasi ya usiku wa kuamkia. Ilikuwa na kisanduku cha tarehe na kisanduku cha saa.

Na hapo ndipo jambo la tatu liliponigonga, nikiwa ndani ya matatu, nikitoa simu kupiga hesabu. Korea iko saa 14 mbele ya New York. Inapofika saa sita na dakika tano usiku wa tarehe 26 huko kambini, New York ni saa nne na dakika tano asubuhi, tarehe 25. Ni Krismasi asubuhi. California, anakotoka B.J., ni saa moja na dakika tano. Mtoto ndio kwanza anaamka kutafuta zawadi. Uongo wote ule, jasho lote lile, na bado saa waliyoiandika inaangukia katikati ya Krismasi ya watoto waliotaka kuwalinda. Watoto wa marehemu wangeweza kuwa wanafungua makaratasi ya zawadi sekunde ileile. Sijui kama waandishi waliwaza hili. Kipindi hakilitaji. Mimi siwezi tena kukitazama bila kuwaona hao watoto sakafuni, popote walipo Marekani, wakivuta utepe.

Kisha kuna Krismasi yenyewe, ile halisi.

Mwishoni mwa Novemba 1950, Jenerali Douglas MacArthur alianzisha mashambulizi ambayo yalisemekana yangewarudisha vijana nyumbani kabla ya Krismasi. Walikuwa wamefika karibu na mto Yalu, mpaka wa China. Wachina, ambao walikuwa wameshavuka mpaka kimyakimya kwa maelfu, wakawavamia milimani kwenye baridi ambayo iligandisha hata plazma ya damu kwenye chupa. Wiki chache baadaye majeshi ya Marekani na washirika wake yalikuwa yakirudi nyuma kwa kasi. Upande wa mashariki yalisongamana kwenye bandari ya Hungnam, na nyuma yao walikuja raia wa Korea Kaskazini waliokuwa wakikimbia, familia nzima nzima na mizigo kichwani. Wanajeshi zaidi ya laki moja walipakiwa melini, na wakimbizi karibu laki moja vilevile. Meli moja ya mizigo, SS Meredith Victory, iliyokuwa na nafasi ya abiria 12, ilibeba wakimbizi wapatao 14,000 baada ya nahodha wake, Leonard LaRue, kukubali kupakia kila aliyeweza kupanda. Walisimama begani kwa begani ndani ya matumbo ya meli, bila maji ya kutosha, bila vyoo, bila taa. Tarehe 24 Desemba wanajeshi wa mwisho walipoondoka, bandari ikalipuliwa. Meredith Victory iliwashusha watu wake kisiwa cha Geoje sikukuu ikiendelea. Hakuna aliyekufa njiani. Watoto watano walizaliwa, na mabaharia, kwa kutojua majina ya Kikorea, wakawaita Kimchi wa kwanza hadi wa tano. LaRue baadaye aliacha bahari akawa mtawa. Miongoni mwa waliobebwa walikuwa wazazi wa Moon Jae-in, aliyekuja kuwa rais wa Korea Kusini.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 20 Desemba, kasisi mmoja wa Jeshi la Anga la Marekani, Russell Blaisdell, alikuwa amefanikiwa kuwatoa watoto yatima karibu elfu moja wa Seoul. Mji ulikuwa unakaribia kutekwa tena. Aliwapeleka bandari ya Incheon, meli aliyoahidiwa haikuwa na maana, akahangaika hadi ndege zikapatikana uwanja wa Kimpo na kuwapeleka kisiwa cha Jeju. Kwa hivyo wale yatima wanaoonekana kwenye karamu ya televisheni, wakiwa wasafi na wametulia, nyuma yao kuna watoto wa kweli waliookotwa mitaani kwenye theluji.

Naandika hili kwa sababu M*A*S*H ina udhaifu mmoja mkubwa: Wakorea wake wengi ni mandhari. Wanapita nyuma, wanauza vitu, wanalia, wanashukuru. Vita viliua Wakorea kwa mamilioni na Wamarekani zaidi ya 36,000, lakini ukihesabu machozi ya televisheni utadhani ni kinyume. Kuna Mwafrika pia katika hadithi hiyo ambaye skrini haimwonyeshi. Ethiopia ilipeleka kikosi cha Kagnew, kilichowasili Busan Mei 1951, na wanajeshi wake walisifika kwamba hawakuacha mateka. Hao walipigana vita vile vile, kwenye baridi ile ile, na Krismasi yao huwa tarehe 7 Januari. Saa zao zinahesabika kama zetu, kuanzia macheo. Hao wanajeshi walisaidia kuwalea watoto yatima wa Korea huko Dongducheon. Hebu fikiria daktari wa Kiethiopia angekuwa kwenye hema lile usiku ule. Angemwuliza Hawkeye: Krismasi gani unayoipigania, bwana? Bado wiki mbili.

Nimesema nilibishana na kipindi. Sababu yake iko karibu.

Guka wangu alifariki tarehe 24 Desemba, jioni, nilipokuwa na miaka tisa. Tulikuwa ushago wajukuu kumi na mmoja, na yeye alikuwa amelazwa hospitalini mjini kwa wiki mbili. Simu ilikuja tukiwa jikoni na shosho tukichagua mchele. Baba alitoka nje kuongea. Aliporudi alisema network mbaya. Usiku huo watu wazima walikaa nje ya nyumba muda mrefu, tukaambiwa wanapanga mambo ya mbuzi.

Krismasi ilikuwa tamu. Naikumbuka kwa uchungu jinsi ilivyokuwa tamu. Chapati zilipikwa hadi zikabaki, mbuzi akachinjwa, soda kila mtu chupa nzima bila kugawana. Shangazi alicheza na sisi kati hadi akaanguka. Sasa najua kwamba kila mtu mzima aliyecheka mbele yetu siku hiyo alikuwa anajua guka yuko mochari. Tarehe 26, baada ya chai, tuliitwa chini ya mparachichi tukaambiwa. Binamu yangu, ambaye alikuwa na kichwa cha hesabu, aliuliza, "Kwa hivyo jana tukicheza, yeye alikuwa tayari ameenda?" Hakuna aliyemjibu.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimekasirika. Niliona tumeibiwa. Sikujua kukasirikia nini hasa, kwa sababu walichoiba kilikuwa huzuni, na nani hulalamika akiibiwa huzuni? Leo siko tena na hasira, ila siko pia upande wao moja kwa moja. Ninachokumbuka vizuri zaidi ni shosho. Walipokuwa wakiandaa karatasi ya mazishi, mmoja wa wajomba alipendekeza iandikwe kwamba mzee alifariki tarehe 26, ili watoto wasiunganishe mambo. Shosho, ambaye alikuwa amekubali kutuficha na aliyekuwa amepika siku nzima bila kudondosha chozi, alikataa. Alisema kutuachia siku moja ya raha ni sawa, hiyo ni kazi ya wazazi. Lakini karatasi itabaki hata yeye akishakufa, na mtu atakayeisoma hatajua kwamba ilikuwa huruma. Cheti kinasema 24. Karatasi ya mazishi inasema 24. Msalaba pia.

Shosho hakuwahi kusikia habari za Hawkeye Pierce, lakini alichora mstari mahali ambapo kipindi hakikutaka kuuchora. Kupigania saa kadhaa za uhai, sawa. Kunyamaza hadi kesho, sawa. Kuandika kwenye rekodi, hapana.

Nani ataumia, utaniuliza, kwa dakika chache kwenye fomu ya mwaka 1952? Si mtu, pengine. Ila sisi tunaosoma historia ya nchi hii tuna sababu ya kuziogopa dakika chache. Wakati wa Krismasi ile ya 1952, Krismasi ya mwisho ya vita vya Korea, Kenya ilikuwa miezi miwili ndani ya Hali ya Hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake watano walikuwa wameshtakiwa Kapenguria. Mwaka uliofuata, kikosi cha Waskoti cha Black Watch kilitolewa Korea, ambako kilikuwa kimepigana vikali kwenye kilima kinachoitwa The Hook, kikaletwa moja kwa moja Kenya kupambana na Mau Mau. Vijana wale wale, na huenda buti zile zile. M*A*S*H ina kipindi cha Krismasi cha 1981 ambamo Waingereza ni wageni pale kambini na wanawaeleza Wamarekani desturi ya Boxing Day, siku ambayo wakubwa hubadilishana kazi na wadogo. Kanali Potter anapenda wazo hilo na kambi nzima inageuka kichekesho. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Siku hiyo hiyo ya mapumziko tuliirithi kutoka kwa Waingereza hao hao, na sikumbuki kusoma popote kwamba bwana shamba wa Kizungu kule Naivasha alibadilishana kazi na kijakazi wake.

Mnamo 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na walinzi kwa kukataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Mtu aliketi na kalamu, akaangalia maiti zenye majeraha, akaandika maji. Uchunguzi wa maiti ndio ulioufichua ule uongo, na kelele zikapigwa hadi bunge la London.

Najua Hawkeye si afisa wa Hola. Mmoja alidanganya kumlinda mtoto, mwingine alidanganya kuwalinda wauaji. Lakini karatasi haina sura. Haikunji uso, haitoi jasho. Ukifungua faili miaka 60 baadaye unaona tarehe na saa na sahihi, na zote mbili zinakutazama kwa utulivu ule ule. Margaret Houlihan analijua hili; ndiye mtu wa kanuni pale kambini, na ukimtazama usoni wakati Hawkeye anaigusa saa, utaona gharama inayolipwa. Anakubali. Ningekuwa mimi, saa hiyo, na ile picha mkononi, ningekubali pia, na hilo ndilo linalonisumbua.

Kuna hadithi ya pili ndani ya kipindi hicho ambayo watu huisahau kwa sababu ya saa. Charles Emerson Winchester wa Tatu, daktari wa familia tajiri ya Boston, mtu wa maringo kupita kiasi, anaonekana mchoyo: wenzake wanatoa vya kwao kwa ajili ya yatima na yeye anatoa kitu kidogo cha kutia aibu. Wanamsema. Hajibu. Usiku anaenda kwa siri hadi kwenye kituo cha yatima na kuacha chokoleti za bei kali zilizotumwa kutoka kwao. Ni desturi ya ukoo wake, kutoa zawadi na mtoaji asijulikane, ikijulikana inaharibika. Kisha anagundua kwamba chokoleti zinauzwa kwenye soko la magendo. Anamwendea msimamizi wa kituo, mzee Choi Sung Ho, akiwaka moto, tayari kumwita mwizi.

Choi anamweleza taratibu. Chokoleti zingewafurahisha watoto kwa dakika chache. Pesa za chokoleti zimenunua mchele na kabeji za kuwatosha siku nyingi. Na Charles, ambaye katika misimu minne hajawahi kukosa neno, analikosa. Anaomba msamaha yeye, kwa kutoa kitafunio kwa mtoto ambaye hajala chakula. Hapo, kwa dakika mbili tatu, Mkorea si mandhari. Ndiye mtu mzima pekee kwenye skrini, na ndiye anayejua hesabu.

Charles anarudi kwenye hema lake peke yake. Hakwenda karamuni, wote wanamwona bahili na yeye hawezi kujitetea bila kuivunja desturi. Klinger, karani wa kambi, ambaye alimsikia akizungumza na Choi, anamletea sahani ya masalio ya karamu. Anasema inatoka kwa mtu ambaye hataki kutajwa. Charles anamwita Max, jina lake, si cheo. Klinger naye anamwita Charles. Wanatakiana Krismasi njema, na Klinger anatoka nje kwenye baridi, huku kule hospitalini mtu amefunikwa shuka na fomu yake inasema tarehe 26.